Kamba Yenye Mzigo

Watu wa Moshi wakisikia kwamba naimba nyimbo za mabaharia, kwanza hucheka, kisha huuliza bahari yenyewe iko wapi. Nimechoka kuwajibu. Siku hizi nawaambia iko nyuma ya gereji, wazunguke wakaitafute. Watani wetu wametubatiza jina la "mabaharia wa mgombani," na limetuganda hivi kwamba siku moja tulilikuta kwenye kadi ya harusi tuliyoalikwa kuimba. Tulienda, tukaimba, tukala, na hatukumlalamikia mtu.

Nyimbo zenyewe alituachia baba yangu mdogo. Aliondoka mlimani akiwa kijana, akafanya kazi kwenye meli za mizigo mpaka magoti yakamkatalia, ndipo akarudi kwenye kihamba cha babu, shamba letu la ukoo, na begi moja. Alikuwa mkali, alipenda pombe ya mbege, na nusu ya bandari alizotusimulia sina hakika kama ziko duniani. Lakini nyimbo alizijua. Zilikuwa nyimbo za kuvutia kamba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na nguvu yote inaangukia kwenye neno la mwisho la kiitikio. Mstari wa mwanzilishi ni wa kupumua, kiitikio ni cha kuvuta. Mwanzilishi hagusi kamba kabisa. Kazi yake ni kuwaangalia wenzake na kujua ni lini wamechoka. Kazi hiyo alinipa mimi, kwa maelezo kwamba nina sauti ya kugombana.

"Ukiimba haraka unawaua," alikuwa akiniambia. "Ukiimba kivivu wanalala. Usinitazame mimi, watazame vidole vyao!"

Alipofariki ndipo tukaanza kupata mialiko. Tuliimba kwenye sendofu na harusi, na kwenye hoteli ambako wageni hupumzika baada ya kushuka mlimani, pua zimebabuka na magoti hayakunjiki. Wageni wale walitupenda sana. Tulikuwa na kamba nene tuliyoivuta jukwaani tukikunja nyuso kana kwamba tunang'oa nanga, na mwisho wa kamba hapakuwa na kitu chochote. Kwa kuwa hapakuwa na kitu, tukaanza kuirekebisha kazi ya mzee. Tuliongeza kasi. Tulikata beti, maana mtu aliyeshika simu anarekodi hana subira ya kusikiliza habari za mpishi wa meli.

Tukamharibu na mtu wa mkiani. Katika utaratibu wa baba mdogo, mtu wa mwisho kwenye kamba havuti pamoja na wengine. Yeye huzungusha mkia wa kamba kwenye nguzo kila wenzake wanapovuta, ili kilichopatikana kisirudi. Jukwaani hakuna nguzo. Mtu wetu wa mkiani, mwenye bucha pale Kwa Sadala, mwanamume wa tumbo kubwa na miguu myepesi ajabu, akageuka kuwa mcheza ngoma. Akikata kiuno na ule mkia wa kamba begani, wageni wanasimama kwenye viti.

Halafu kulikuwa na ile namna yetu ya kumaliza. Ubeti wa mwisho ulihusu taa ya bandari. Nilikuwa nauimba, navuta sauti ya juu mpaka pumzi inakaribia kukatika, na nikinyamaza tu wote wanaitupa kamba na kuinua mikono juu, meno nje. Tulikubaliana pia kwamba likitokea lolote katikati, maiki ikizimika au mimi nikikohoa, mikono ipande hivyo hivyo, ili mgeni adhani wimbo umekwisha. Mwanzilishi akinyamaza, mikono juu. Tulifanya mazoezi ya jambo hilo mpaka likawa halihitaji akili.

Mume wangu ni fundi ujenzi. Tunaishi Soweto, hapa hapa Moshi mjini, lakini kwao ni juu, kwenye parokia ambako migomba na kahawa vinafika karibu na madirisha ya kanisa, na mnara wa kengele wa kanisa hilo aliujenga yeye. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Ijumaa kengele ilikuwa bado imelala kwenye majani. Lori la kunyanyulia vitu vizito lilishindwa kupanda kwa sababu mvua ilikuwa imeichana barabara, na ile winchi ya mnyororo iliyoletwa kutoka Bomang'ombe ilijaribiwa mara moja, ikauma meno, ikagoma. Sisi tulikuwa uwanjani tunafanya mazoezi ya kuimba siku ya sherehe. Baba Paroko alisimama akaitazama kengele, akautazama mnara, kisha akanigeukia.

"Mama, si ninyi mnaovuta kamba mkiimba?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Mume wangu alinivuta pembeni, chini ya mti wa mgrivea uliokuwa ukingoni mwa uwanja. "Wanaweza?" aliniuliza. "Sema kweli."

"Kwani sisi ni watoto?" nikamjibu. "Tunaweza."

Nilikasirika kuulizwa. Ndivyo nilivyo, ukinitilia shaka mbele za watu nitakubali hata kubeba kanisa lenyewe. Akaenda kufunga kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, kwenye gogo alilolilaza juu kabisa ya mnara. Kapi la pili alilifunga chini ya ukuta, ili kamba ikishuka ipinde na kutufikia uwanjani tukiwa tumesimama kwenye mstari. Kichwani mwa kengele kulikuwa na nira ya chuma, na huko juu zilikuwepo boriti mbili zikisubiri. Kengele ilipaswa kupanda, nira ipite katikati ya boriti, kisha aigeuze ikalie zote mbili na kufungwa kwa bolti.

"Nikisema shikilia, mnashikilia," alituambia wote. "Hapo vidole vyangu vitakuwa kati ya nira na boriti, natafuta matundu ya bolti. Kamba ikirudi hata kidogo, vidole vimekwenda. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, fundi!" wakaitikia kwa mkupuo, na mwenye bucha akatingisha mabega kidogo. Watu waliokuja kuangalia wakapiga makofi. Mume wangu akapanda ngazi.

Nikaanzisha.

"Nanga imelala, tope limeishika..."

"Ivute, wewe, ivute!"

Kwenye lile "ivute" la mwisho kamba ilikakamaa na kengele ikanyanyuka kutoka kwenye majani. Nilisikia kishindo cha uzito kikipita kwenye mstari mzima wa watu wangu. Nyuso zao zilibadilika. Kwa miaka mingi tulikuwa tumekunja sura kwa uongo, na sasa nikaona sura ya kweli ya mtu anayevuta: haikunjiki, inatulia na macho yanatoka. Nilikuwa nimeanza kwa kasi ya hotelini. Baada ya mivuto michache tu nikaona vidole vya mama mmoja wa mbele vinateleza, nikajua nimekosea. Nikapunguza mwendo. Mstari wangu nikaurefusha wapumue, kama alivyonifundisha mzee, na kengele ikawa inapanda kwa utaratibu, mruko kwa mruko, inapita madirisha.

Kwa muda nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi mno. Nilifikiri, laiti baba mdogo angeona.

"Shikilia!"

Wakashikilia. Ukiwa umeshikilia huvuti, lakini wimbo unaendelea taratibu, maana mtu aliyeshika mzigo kimya huanza kuifikiria mikono yake. Nikaimba habari ya nahodha mwenye njaa. Huko juu nilimwona mume wangu amelala kifudifudi juu ya ubao, ameigeuza nira, mikono imezama chini yake. Bolti haikuingia. Rangi ilikuwa imeziba tundu. Alichomoa tupa mfukoni akaanza kukwangua, vidole vimo mle mle.

Nikaimba barua ya nyumbani iliyolowa chumvi. Wakaitikia. Kisha nikajaza pumzi kwa ajili ya ubeti unaofuata, na ubeti unaofuata ulikuwa wa taa.

Ndipo nikamwona mwenye bucha. Alikuwa ameanza kutabasamu. Si kwa furaha, mtu yule alikuwa anatiririka jasho. Ni tabasamu la kazini, lile la mwisho wa onyesho, lilikuwa linajitengeneza lenyewe usoni mwake kwa sababu barua imeimbwa na baada ya barua huja taa. Nikatazama mstari. Vidole vyote vilikuwa vimeanza kulegea, kidogo tu, kama vinavyolegea kila Jumamosi jioni mbele ya wageni.

Nikiimba taa, wataachia. Nikinyamaza niwaonye, wataachia. Na mkiani hapakuwa na mtu aliyezungusha kamba popote. Mkia ulikuwa umelala kwenye majani nyuma ya mwenye bucha, umelegea kama utumbo, na mgrivea uko hatua chache tu kutoka hapo.

"Nanga imelala, tope limeishika..." nikarudi mwanzo.

Waliyumba kidogo, wakanitazama, wakaitikia. Vidole vikakaza. Nikaona nipitishe ujumbe ndani ya wimbo wenyewe.

"Mwenye bucha sikia, funga kwenye mti..."

"Ivute, wewe, ivute!" akaitikia kwa sauti nene, macho juu.

"Wewe wa mkiani, zungusha kamba..."

"Ivute, wewe, ivute!"

Nikamwimbia kwa Kichagga. Nikamwimbia matusi, kwa Kichagga, uwanjani mwa kanisa, padri amesimama pale. Akaitikia vizuri kabisa. Hapo ndipo nilipojua kwamba watu hawa, niliokuwa nimeimba nao miaka yote, hawakuwa wakisikiliza hata neno langu moja. Walikuwa wanangoja zamu yao tu. Watazamaji nao walikuwa wanafurahia beti mpya, na mama mmoja akanipigia vigelegele. Nilitamani kumrukia.

Basi nikaanza kutembea. Nilitembea sambamba na kamba nikiimba, bila haraka, ili wasidhani kuna jambo, nikampita mwenye bucha, nikainama na kuuokota ule mkia. Kuimba umeinama ni shida. Sauti yangu ilikuwa imeshaanza kukwaruza. Nikaufikisha kwenye mgrivea, nikauzungusha mara ya kwanza, nikauvuta kwa nguvu zangu zote kumaliza ulegevu, nikauzungusha tena. Nikatazama juu. Bolti moja ilikuwa mkononi mwake, inatafuta tundu. Nikavuta pumzi nianze mstari mwingine.

Haikutoka sauti. Ulitoka upepo tu.

Mikono yote ikapanda juu. Yote kwa pamoja, safi kabisa, kama tulivyofanya mazoezi, na nyuso zote zikawageukia watazamaji zikicheka. Kamba ikaruka, ikaubana mti, gome likatoa moshi, na viganja vyangu vikaungua. Kengele ilishuka kiasi cha upana wa kiganja, ikasimama. Ikalia mara moja. Watu wakashangilia, walidhani ndiyo tumemaliza.

Nilitazama juu. Nilimwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama ninavyomwita siku zote, lakini sauti sikuwa nayo, nadhani hakuna aliyenisikia. Kisha akasema, si kwa kelele, kwa sauti ya mtu anayeomba maji:

"Inueni. Mkono uko ndani."

Paroko alimsikia, akayarudia maneno yake kwa sauti kubwa, na makofi yakakatika. Sitasahau uso wa mwenye bucha. Aliitazama mikono yake ikiwa bado hewani, akaishusha polepole kana kwamba ni ya mtu mwingine, kisha akairukia kamba. Wote wakairukia. Wakaanza kuvuta kila mtu kwa wakati wake, huyu anaingia, yule anatoka, na kengele ikatikisika bila kupanda. Mume wangu akapiga ukelele. Sijawahi kumsikia akilia vile kabla ya hapo wala baadaye.

"Msivute ovyo! Acheni kuvuta ovyo!" Paroko alipaza sauti.

Mimi nilikuwa nimeushika mkia, nimeegemeza mguu kwenye mti, siwezi kuondoka. Nilifungua mdomo nianzishe. Upepo. Nikafungua tena. Machozi yalikuja kabla ya sauti. Nikawaza kwamba nimempeleka mume wangu juu ya mnara kwa maringo yangu, na kitu pekee ambacho Mungu alinipa cha kumsaidia nacho kimeniishia.

Ndipo wimbo ukaanza kutoka juu.

Mume wangu hajui kuimba. Kwaya ya jumuiya ilimwomba kwa upole akae na waumini. Lakini alianzisha, kwa sauti iliyopinda, polepole, mwendo wa baba mdogo kabisa.

"Nanga imelala, tope limeishika..."

Nilizungusha kichwa niwatazame wenzangu. Kila mmoja alikuwa amekodoa macho kwenye mnara, na safari hii walikuwa wanasikiliza.

"Ivute, wewe, ivute!"

Mvuto ulikuja mmoja, mzito, wote kwa pamoja. Kengele ikapanda. Mwenye bucha aliirudisha mikono nyuma haraka, akanisogezea ulegevu, nami nikauzungushia mti. Nilimwona mume wangu akiuchomoa mkono na kuubana kwapani. Niliamini ameshamaliza, atashuka. Lakini bolti zilikuwa bado hazijaingia, na yeye alikuwa ameshaona kinachotokea wimbo ukikatika. Akaokota bolti kwa mkono wa kushoto. Akaendelea kuimba.

Aliimba nahodha mwenye njaa. Aliimba barua. Alipofika mahali pa taa hakuiimba, akaingia kwenye zile beti tulizozikata, ambazo mimi mwenyewe zingine nilikuwa nimezisahau. Aliimba juu ya mpishi aliyelala, na kisima cha mji fulani, na mvua ya usiku. Kumbe alikuwa nazo zote. Miaka yote nilipokuwa namenya ndizi jikoni huku nikifanya mazoezi, nikidhani ninajiimbia, alikuwa sebuleni anazipokea. Kila mstari aliukatiza kwa pumzi ya maumivu, na kila mara aliendelea.

"Mke wangu amepika, anakula peke yake..."

"Ivute, wewe, ivute!"

Bolti ya kwanza ikaingia. Tukasikia spana. Aliimba nyingine, akakosea maneno, akarudia. Bolti ya pili ikaingia. Akazikaza zote mbili kwa mkono ule ule wa kushoto, bila kunyamaza, mpaka sauti yake nayo ikawa mkwaruzo mtupu.

"Imefungwa," alisema. "Achieni."

Hakuna aliyeachia.

Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki mpaka leo, na mwiko wa ujenzi siku hizi anaushika kwa mkono wa kushoto. Hotelini wanaendelea kutuita, wanautaka ule wimbo mrefu. Lakini siku ile hakwenda kwanza kwa sista wa zahanati aliyekuwa akimkimbilia na bandeji. Alishuka ngazi, mkono umefungwa kwa shati, akaja moja kwa moja kwenye kamba. Alianza kwa yule mama wa mbele. Alimgusa kiganja, akamwambia kwa upole, "Achia, imefungwa," na mama akaachia. Akaenda kwa wa pili, na wa tatu, mmoja mmoja, mpaka kwa mwenye bucha, ambaye alikuwa analia waziwazi na hakuweza kufungua vidole, ikabidi amfungue mwenyewe. Kisha akaja kwangu kwenye mti.

"Achia, mke wangu," alisema. "Niko chini."

Nilimsikia. Nilimwona kwa macho yangu, amesimama mbele yangu. Lakini sikuachia mpaka alipokaa pembeni yangu kwenye majani, akaiweka mikono yangu, na kamba ikiwa humo humo, juu ya mapaja yake.